Meza ya Mwisho, Karibu na Mfereji

Manyatta, Jumamosi alasiri

Adhiambo nyathina, mwanangu,

Nisamehe kwa kukawia. Kalamu na karatasi hizi nilinunua siku ile jibu lako la kazi lilipofika, na tangu hapo nimekuwa nikijiambia kesho, kesho, mpaka leo umebakisha siku moja tu. Utaniuliza kwa nini mtu amwandikie barua mtoto anayelala upande wa pili wa pazia. Ni kwa sababu nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umeanua nguo. Sasa umeenda Migosi kumuaga shangazi yako, Ouma na Achieng wako kwa mazoezi ya kwaya, na mimi nina hii meza peke yangu mpaka mrudi. Nitaandika haraka. Niliachia darasa la saba, unajua, kwa hivyo mwandiko usiucheke.

Mambo ya kufua na kupika siandiki, hayo sasa unanishinda. Habari za wavulana tuliongea tukamaliza. Nataka kukwambia juu ya kazi, ama niseme juu ya watu wa kazini, maana kazi yenyewe utafundishwa kwa wiki moja.

Unakumbuka siku ile ya mwezi wa tatu uliponiletea ufunguo kiwandani? Askari wa geti alikuachilia uingie kwa sababu ilikuwa saa saba na watu wako nje wanakula. Ulinikuta nyuma, karibu na pipa la matumbo ya samaki, nimekaa peke yangu, na wenzangu wote wako upande wa kivuli wakicheka. Ukauliza, "Mama, mbona uko huku?" Nikakufokea. Nikasema nani amekutuma, rudi nyumbani, unaniletea aibu. Uliweka ufunguo chini ukaenda. Jioni nikakwambia nilikuwa naumwa na kichwa.

Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa nimekula hapo kwa pipa tangu Septemba, tangu niliporudi kazini baada ya kumzika baba yako, na sikutaka ujue. Kila siku nilikuwa nikirudi na ugali kwa mkebe na kukwambia tumbo limejaa gesi. Wewe ukanitafutia dawa ya gesi kwa duka la Mama Zainabu. Nilikunywa ile dawa, mwanangu. Ningefanya nini.

Lakini nikianza na mimi nitakuwa nakudanganya tena. Lazima nianze na Turfena.

Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa na ishirini na nne, msichana tu, na nilikuwa nimepata kibarua kwenye kiwanda cha samaki, kwenye meza ya wanawake. Wanaume wanapasua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, sisi tunasafisha minofu, tunatoa mafuta na mifupa midogo, inaenda kwa barafu. Nje ya geti wako wale kina mama wanaongojea mgongo wazi, ile mifupa inayobaki, waikaange. Siku ya kwanza nilijikata mara mbili. Mwanamke wa kando yangu akanishika mkono, akaugeuza hivi, akasema, "Kisu unakisukuma kama unamsukuma punda. Kiachie. Kinajua njia." Huyo ndiye Turfena. Kwao ni Pap Onditi, karibu na kwa kina mama yangu, kwa hivyo tukawa kama ndugu. Saa saba yeye alileta nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mimi nilileta chai kwa chupa, tukala pamoja miaka miwili.

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Oloo. Hakuwa mtu wa kelele. Aliongea polepole na alikuwa akitabasamu, na alikuwa mzee wa kanisa. Siku moja alituita wote akauliza kama kuna mtu ana neno. Mtu hutakiwa kunyamaza hapo. Turfena akasema, "Bwana Oloo, wanaume wamepewa gambuti. Sisi tunasimama kwa maji ya barafu na malapa. Kwani miguu yetu ni ya plastiki?" Tukacheka wote. Hata yeye Oloo alicheka. Akasema, "Nimesikia, Mama." Gambuti zikaja mwezi uliofuata, kwa kila mtu, ila za Turfena zilikuwa saizi ya mtoto.

Halafu mume wake akafa.

Unajua mila yetu, sitakueleza kama mgeni. Mjane akiwa bado hajarithiwa, watu wanasema asiingie nyumba ya mtu, asile kwa sahani ya mtu, atawaletea chira wakonde na wafe. Shemeji yake Turfena alikuja na mizigo yake tayari kumrithi. Turfena akamwambia arudi kwa mke wake. Akarudi kazini vile alivyo.

Bwana Oloo alimngojea mlangoni, mbele yetu. Akamwambia kwa ile sauti yake, "Pole kwa msiba, Mama. Sasa wewe utakaa meza ya mwisho, karibu na mfereji. Sipendi, lakini hawa wenzako wana watoto. Lazima niheshimu mila yao."

Hakuna mtu alikuwa amemwomba aheshimu mila yetu. Yeye mwenyewe kanisani alikuwa anahubiri dhidi ya hiyo mila. Na mimi sijawahi kusikia mzee yeyote akisema chira inafika mpaka kwa meza ya kiwanda. Lakini akishasema, ikawa imekuwa. Ukiangalia ule mfereji wa maji machafu, ukimwangalia Turfena na ile nguo yake nyeusi, ukikumbuka mtoto wako nyumbani anakohoa, unaona, ah, pengine. Hapo ndipo inaanzia, Adhiambo. Kwa pengine.

Wakampa jina, Mama Kaburi. "Mama Kaburi, leta ndoo." "Mama Kaburi, mzee anakusalimia kutoka chini?" Yule aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote ni Benta, msichana anayejua kuchekesha, tena wa kupendwa. Siku ambayo Benta hakuja kazini, ilikuwa inachosha. Nakwambia hivi ili usifikirie mtu mbaya utamjua kwa uso.

Siku ya kwanza Turfena alikuja saa saba na nyoyo yake kama kawaida, akasimama mbele yangu. Wote walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Leo nimeshiba."

Akauliza, "Umeshiba nini saa hizi?"

Nikasema, "Nimeshiba tu."

Akaenda. Nilijiambia kesho nitakula naye, mambo yakipoa. Kesho ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningepaswa kueleza jana. Wiki ikiisha, ilikuwa kama nimezaliwa sijawahi kumjua.

Sasa nakuja kwa kisu. Hii hata baba yako sikumwambia.

Kiwandani kila kisu kina namba kwa mpini. Jioni kila mtu anarudisha chake kwa sanduku, msimamizi anahesabu, na hakuna anayetoka mpaka vitimie. Cha Turfena kilikuwa kumi na nne. Siku moja alienda chooni, na mimi nikamwona Benta akikichukua, akakizika ndani ya kreti ya barafu. Alipoinua kichwa macho yetu yakakutana. Akaninong'oneza, "Wacha tuone kama Mama Kaburi anajua kufukua." Na mimi nikatabasamu. Sikutaka, lakini nilitabasamu. Ulikuwa ni utani. Kreti ingekaa pale, Turfena angetafuta, tungecheka, kingetoka.

Lakini wanaume wa chumba cha baridi walikuja mapema siku hiyo wakabeba makreti yote.

Jioni kisu kumi na nne hakipo. Tukazuiwa saa nzima. Watu wana watoto, giza linaingia, wanaanza kumtukana Turfena. Bwana Oloo akamwambia avue kitambaa cha kichwa, avue viatu, atikise nguo, mbele yetu sisi wote. Halafu akapita akituuliza mmoja mmoja. Benta akasema hajaona. Yeye pia alikuwa ameogopa, utani ulikuwa umemponyoka. Bwana Oloo akafika kwangu.

"Mama Adhiambo, umeona kisu namba kumi na nne?"

Turfena alikuwa ananiangalia. Amesimama miguu mitupu kwa simiti.

Nikasema, "Sijaona."

Akafukuzwa siku hiyo hiyo kwa wizi. Jumatatu barafu ikayeyuka, kisu kikapatikana. Bwana Oloo alikipangusa akakirudisha kwa sanduku. Hakuna aliyetumwa kwenda kumwita Turfena. Hata mimi sikwenda. Wiki iliyofuata mtu mwingine akapewa namba kumi na nne.

Miaka ikaenda. Bwana Oloo akastaafu. Unajua nani sasa ana filimbi ya msimamizi na kile kitabu cha majina? Benta. Na baba yako akafa, amekonda vile alivyokonda, na ulisikia watu walisema nini. Na mimi nikamwambia ami yako hapana, sirithiwi, nitalea watoto wangu. Niliporudi kazini nilikuta kiti changu kimeshapelekwa meza ya mwisho. Benta hakuniangalia. Aliwaambia wale wasichana, "Msimkaribie sana Mama Adhiambo, msije mkaanza kukonda." Wakacheka. Anachekesha bado.

Ananipimia kreti yangu mwisho ili nisimame kungoja. Choo kikiziba naitwa mimi. Nikiomba ruhusa ya kwenda kliniki na Achieng, anasema nimekuwa na shida nyingi, pengine kazi imenishinda. Nimefikiri sana ni kwa nini, maana sijawahi kumkosea. Nafikiri ni kwa sababu niliona. Mimi peke yangu ndiye ninayejua alichofanya, na hajui kwamba siwezi kusema. Nikisema leo, wataniuliza, ulikuwa wapi miaka kumi? Nitajibu nini? Tumefungwa kamba moja, mimi na yeye, ila yeye ndiye ana filimbi.

Usifikirie nilikaa tu. Nilienda kwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Mama, chama ni cha mshahara na likizo. Sasa nikiandika kwa ripoti ati wanawake wamekataa kula na wewe, si nitachekwa?" Nilienda kwa pasta. Aliniombea vizuri sana, na Jumatatu kiti kilikuwa pale pale. Nilienda zahanati kwa sababu ya moyo kwenda mbio usiku. Daktari alipima presha akauliza kama nina mawazo. Nikasema ndiyo. Akaandika Panadol.

Kulikuwa na msichana mmoja mpya, Lilian, rika lako. Alikuja na chakula chake akakaa nami kwa pipa, siku ya kwanza, siku ya pili. Hakuniuliza kitu. Aliniambia habari za mbuzi wao. Adhiambo, sijui kukwambia zile siku mbili zilikuwaje. Nilirudi nyumbani nikapika samaki, ukaniuliza kama kuna mgeni. Siku ya tatu Benta alimpeleka chumba cha baridi, na wiki nzima akawa huko, vidole vimevimba. Alipotoka akapita karibu yangu akasema chini chini, "Mama, usiniweke kwa roho." Akaenda kukaa kivulini. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi?

Ndiyo maana mwezi wa nne niliwaambia nimeenda mazishi. Nilikuwa nimeenda Pap Onditi, siku ya soko. Nilimkuta Turfena ana gunia la karanga na mkebe wa kupimia. Amenenepa kidogo. Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Nipimie mkebe mmoja."

Akapima. Nikasema, "Nilikiona kile kisu. Niliona kikiwekwa."

Akaendelea kumimina karanga kwa gazeti. "Najua," akasema. "Ulikuwa umesimama pale pale."

"Mbona hukusema kwamba mimi nimeona?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikalia pale sokoni kama mtoto. Hakunibembeleza na hakunifukuza. Alifunga karanga, akanirudishia chenji yangu. Akaangalia nguo yangu nyeusi, akauliza, "Sasa wewe wanakukalisha wapi?"

"Karibu na pipa."

Akatikisa kichwa. "Hapo inzi ni wengi," akasema. Halafu mteja mwingine akaja.

Basi, hivyo tu. Nilitaka anisamehe ama anitukane, nirudi na kitu kimoja mkononi. Nilirudi na karanga.

Sasa wewe unaenda Nakuru kushona mashati kwa kiwanda cha wanawake mia mbili, na mimi siwezi kuja na wewe. Sijui msimamizi wako ni nani. Sijui watapata sababu gani, lakini watapata. Pengine itakuwa kwamba wewe ni Mjaluo. Pengine mtu mwingine atakuwa ndiye, na wewe utakuwa umekaa kivulini na wengine, unapendwa, unacheka. Mimi naogopa hilo la pili zaidi. Wewe unajua kuchekesha, Adhiambo. Nimekuona na wenzako pale kwa mfereji wa maji.

Sikwambii uwe shujaa. Mimi sikuwa, na sijui mtu anakuwaje. Najua kitu kimoja tu, na nimekilipia: ni ile siku ya kwanza. Siku wanapomsogeza mtu, siku hiyo hiyo saa saba, beba chakula chako ukakae naye. Usiseme neno, usigombane na mtu, kula tu. Siku ya kwanza ni hatua kumi za kutembea. Ya pili ni maelezo. Ya tatu huwezi tena. Na wakikupeleka chumba cha baridi kwa sababu hiyo, kama walivyomfanya Lilian, sina dawa. Nimeitafuta, sina. Niandikie tu, nijue.

Na ikiwa wewe ndiye utakayesogezwa, usinifiche miezi minane kama nilivyokuficha. Usiandike ati umezoea. Nyumba yetu ni chumba kimoja lakini mlango wake uko. Ukiona unaanza kunywa dawa ya ugonjwa usio nao, panga nguo zako urudi, sitakuuliza kitu, na mtu yeyote wa plot hii akikuuliza atanikuta mimi.

Lakini usirudi kwa ajili yangu. Hapo nasema kwa ukali. Nakujua. Utasoma hii kwa gari na utataka kushuka Ahero urudi. Usishuke. Wala ukija kututembelea usipite kiwandani kumwambia Benta maneno. Ukimwambia, wewe utarudi Nakuru na mimi nitakuwa hapa Jumatatu. Mimi bado nahitaji hicho kiti, hata hapo kilipo, mpaka Ouma amalize darasa la nane. Nimehesabu, ni miaka miwili na nusu. Sijui kama nitaweza. Asubuhi zingine nafika kwa geti miguu inakataa, nasimama na wale mama wa mgongo wazi kidogo mpaka filimbi ilie. Halafu naingia. Kufikia sasa nimeingia kila siku.

Nasikia sauti ya Achieng kule kwa kona, anaimba ile ya mwisho. Sina muda. Uliniuliza jana nikuambie vitu ambavyo ungenitumia ukifika, nikasema sihitaji kitu. Nahitaji. Glavu za mpira jozi mbili, saizi ya kati, rangi yoyote isiyo ya kiwanda, kwa sababu zangu hupotea pale ninapozitundika kwa msumari na naambiwa hakuna nyingine. Mafuta mazito ya mikono, kopo dogo, isiwe yenye harufu. Soksi za sufu za kuvaa ndani ya gambuti, za mwanaume ni sawa. Barua mbili kila mwezi, hata za nusu ukurasa, na usizitume kwa sanduku la posta la kanisa. Tumia sanduku la kiwanda na uandike majina yangu yote matatu. Karani huita barua saa saba, watu wote wakiwa wamekaa, na mwenye barua lazima avuke uwanja mzima kwenda kuichukua. Nataka kuvuka. Na ndani ya barua ya kwanza, jina la mtu mmoja ambaye umekula naye: anaitwa nani, kwao ni wapi, na kama ulimkuta amekaa peke yake.